Dereva na Lifti ya Mwalimu

Kabla ya kuingia kwenye gari lolote, hata la mtu mwingine, hata la mchungaji wetu siku ya harusi, Dereva alilizunguka kwanza. Aligonga kila gurudumu kwa ncha ya kiatu, akainama kutazama chini, akapitisha kidole kwenye ukingo wa taa. Mwenye gari alisubiri. Wapo waliocheka na wapo waliokasirika, na yeye hakuonekana kujali. Akimaliza alisema "Haya," akaingia, akafunga mkanda, na kuanzia hapo hakufungua mdomo mpaka mwisho wa safari.

Tulimwita Dereva kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya. Kwa zaidi ya miaka ishirini mama huyu wa Kitanzania, mfupi, mwenye mabega ya mwogeleaji, aliendesha basi la abiria kati ya kitongoji cha Brooklyn Center na katikati ya Minneapolis, Marekani. Mimi nilikuwa abiria wake kabla sijawa jirani yake. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepata kazi kwenye maabara ya hospitali, na gari sina. Asubuhi ya kwanza nilipanda nikamsalimia kwa Kiingereza. Akautazama mfuko wangu, ambao mama yangu aliufunga kipande cha kitenge kwenye mpini ili usipotee uwanja wa ndege, akasema, "Shikamoo huijui?"

Nikasema shikamoo.

"Marahaba. Kaa. Usisimame karibu na mlango."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa karibu mwaka mzima.

Alikuwa mchoyo wa sifa. Karibu nusu ya kina mama wa ushirika wetu wa kanisa walijifunza kuendesha gari kwake, na sijakutana na hata mmoja anayekumbuka kusifiwa. Mimi alinipeleka Bloomington, kwenye uwanja wa maegesho wa duka moja kubwa, Jumapili asubuhi kabla halijafunguliwa, sakafu yote barafu. Nilidhani atanifundisha jinsi ya kuepuka kuteleza. Badala yake aliniamuru niteleze. "Kanyaga breki. Kanyaga kwa nguvu. Tena." Gari lilizunguka kama pia. Mara ya tisa au ya kumi nikagundua kwamba mikono yangu imeacha kutetemeka, na yeye akagundua pia, maana alisema twende nyumbani. Njiani aliniambia kwamba barafu haina ubaya na mtu, ila haimjui mtu. Nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizonipa mwaka ule.

Kuhusu magari hakuwahi kusema uongo. Siku moja alikwaruza kioo cha pembeni cha basi kwenye nguzo, mkwaruzo mdogo ambao hakuna ambaye angeuona, na alipofika kituoni akaenda kujishtaki mwenyewe kwa msimamizi. Lakini kuhusu mwili wake mwenyewe alimdanganya kila mtu. Nilimsindikiza kliniki mara mbili, na mara zote mbili alimwambia daktari kwamba hagusi sukari, huku nikijua kwamba ndani ya mkoba wake kuna mandazi yamefungwa kwenye karatasi. Tulipotoka nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ukilidanganya gari unaua abiria. Mimi abiria wangu ni mimi."

Haikuwa kweli. Abiria wake alikuwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mume wake. Nyumbani Tanzania alifundisha jiografia shule ya sekondari, na hata alipozeeka aliongea kama mtu anayesubiri wanafunzi wamalize kuandika. Alikuwa na kitu kimoja alichokirudia kwa kila mgeni: kwamba aliwafundisha watoto wa kidato cha tatu mto Mississippi kwa miaka kumi na minane, chanzo, mkondo wa kati na delta, akiuchora ubaoni kwa chaki ya bluu, na kwamba sasa anaishi dakika chache kutoka kwenye mto huohuo na chanzo chake hajakiona. Chanzo kiko kaskazini, humuhumu Minnesota, mwendo wa saa nne hivi. Kila kiangazi walisema watakwenda. Kila kiangazi Dereva alikuwa na zamu.

Kisha Mwalimu akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Dereva alijaribu kumpeleka kaskazini mara moja. Hoteli waliyofikia ilikuwa na mlango wa bafu mwembamba, kiti kikakataa kupita, na Mwalimu, mtu nadhifu aliyevaa tai hata kwenda kutoa taka, ikabidi asaidiwe kwa namna ambayo wote wawili hawakuwahi kuisimulia. Walirudi siku ileile bila kufika. Majuma machache baadaye Dereva alistaafu, akanunua gari-nyumba jipya, lile ambalo Waamerika huliita RV: kitanda, jiko, choo, vyote juu ya magurudumu sita.

Gari lenyewe alilichagua kwa siku moja. Nani wa kulifungia vifaa, alichagua kwa majuma saba.

Vifaa vilikuwa vinne. Turubai la kukunjua ubavuni ili mtu akae kivulini, sahani za sola juu ya paa, kamera ya nyuma, na lifti ya kuinua kiti cha magurudumu kutoka chini mpaka mlangoni. Vitatu vya kwanza havikumpa shida. Turubai likianguka, alisema, linaanguka. Lifti ilikuwa Mwalimu mwenyewe, mita nzima juu ya lami, akiwa amefungwa mkanda, asiyeweza kuruka.

Ushirika wetu wa Jumapili ulikuwa umeshamchagulia fundi. Baba Furaha alikuwa Mkongo, mkimbizi kutoka mashariki kule, aliyekaa kambini miaka mingi akitengeneza jenereta za watu. Hapa alikuwa fundi wa matengenezo kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, Bloomington. Hakuwa na cheti chochote cha magari. Ila kila Jumapili, theluji au jua, yeye ndiye aliyekuja kumbeba Mwalimu kushuka ngazi tano za nyumba yao. Alimbeba kifuani kama mtu anavyobeba kitu chake mwenyewe, na Mwalimu aliposhushwa alimnyooshea Baba Furaha kola ya shati. Hakuna aliyefikiri kwamba kulikuwa na swali la kuuliza.

Dereva aliuliza. Utaratibu wake ulikuwa mmoja kwa wote: nionyeshe kazi uliyofunga ambayo imeshapita majira matatu ya baridi. Chumvi ya barabarani inakula chuma, na alitaka kuona imeacha nini.

Wa kwanza alikuwa kijana wa Kikenya aliyekuwa na biashara yake ya kufunga vifaa kwenye magari, mchangamfu, mwenye simu kubwa. "Mathe, hiyo ni job ya siku moja tu. Nita-install kila kitu hapo hapo kwa driveway yako, wewe unakunywa tu chai." Akamwonyesha picha, nyingi na nzuri.

"Gari lenyewe liko wapi?"

"Hiyo client alihama, mathe. But picha si unaona?"

"Picha haishiki kutu," Dereva akasema, akamrudishia simu.

Wa pili ilikuwa karakana ya wale waliomuuzia gari, ng'ambo ya mto, Inver Grove Heights. Mkuu wa karakana alikuwa mama wa Kizungu mwenye mikono ya mafuta na miwani iliyofungwa kwa waya. Hakubishana. Alimpeleka nyuma ya jengo kulikokuwa na gari la zamani lililoletwa kwa matengenezo, akampa kipande cha boksi cha kulalia. Dereva akaingia chini ya gari akiwa na sketi yake ya kanisani. Alitoka baada ya robo saa, akajipangusa, akasema ni kazi safi. Kisha akaambiwa jambo la pili: mtu mwingine akitoboa sakafu ya gari lile kufunga lifti, waranti ya sakafu, ile dhamana ya waliouza, inakufa.

Wa tatu, Baba Furaha, alimpeleka kwenye basi dogo la ushirika, ambalo yeye mwenyewe alilifungia ngazi ya wazee miaka mitano kabla. Dereva alirukaruka juu ya ngazi ile kwa uzito wake wote. Haikutikisika.

"Unaona, Mama," Baba Furaha akasema. "Ile kazi ya lifti minaweza. Nilisoma kitabu yake yote. Furaha alinisomea Kiingereza, mimi naangalia michoro. Ni mambo ya chuma na courant, umeme tu, basi."

"Nimeona," Dereva akasema.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu wakiwa na vikombe mkononi, mchungaji akatania kwamba tunasubiri kuona Baba Furaha akimrusha Mwalimu mawinguni. Watu wakacheka. Dereva hakucheka. Akasema, kwa sauti ileile aliyotangazia vituo, kwamba kazi amewapa watu wa karakana.

Nilimtazama Baba Furaha. Alikuwa ameshika mandazi, na hakuyala wala hakuyarudisha kwenye sahani. Baadaye kidogo akasema, "Sawa, Mama."

"Wana waranti," Dereva akasema.

"Ndiyo. Garantie. Mimi sina."

Angeweza kuongeza neno. Angeweza kusema kwamba ngazi ile ilikuwa imara, kwamba ameiona na ameridhika. Mimi niliyemfahamu miaka yote ile nilisubiri aseme, na hakusema. Wanawake wengine walimnunia mpaka Pasaka. Mmoja aliniambia kwamba mtu akikaa sana Marekani anaanza kuamini karatasi kuliko mikono.

Baba Furaha aliendelea kuja kila Jumapili kumbeba Mwalimu. Hilo halikubadilika. Ila zamani akishamrudisha nyumbani alikaa mezani, wakala pamoja wali na maharage, yeye na Mwalimu wakibishana kuhusu majina ya maziwa ya kwao. Sasa alimweka Mwalimu kwenye kiti chake, akanyooshwa kola, akasema ana haraka. Mwalimu aliumia. Nilimsikia siku moja akimwambia mkewe, polepole kama kawaida yake, "Umenipatia lifti, umeninyima rafiki." Dereva alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

Karakana ilifunga vifaa kwa siku mbili. Siku zote mbili Dereva alikaa pale kwenye kiti cha kukunja, nyuma ya mstari wa njano ambao wateja hawaruhusiwi kuuvuka. Alirudi na gari Brooklyn Center, akaliegesha mbele ya nyumba, akalizunguka mara nne. Kisha akafanya jaribio lake mwenyewe. Alipakia kwenye kiti cha magurudumu mifuko ya chumvi ya barabarani mpaka ikafika uzito wa Mwalimu na zaidi, akaipandisha kwa lifti, akaishusha, akaipandisha. Nilikuwa naparua majani uani kwangu, na nilimwona akisimama ghafla, kichwa amekiinamisha.

Aliniita. "Sikiliza."

Sikusikia kitu. Akapandisha tena. Nilisikia mlio mdogo sana, kama mtu anayezuia kikohozi kanisani.

"Labda ni upya," nikasema.

Aliingia chini mara tatu, akatoka mara tatu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona hajui afanye nini. Alikuwa dereva aliyejua magari kwa macho na masikio, lakini fundi hakuwa. Alikaa kwenye mfuko wa chumvi muda mrefu. Kisha akaniambia nivae viatu, twende kwa Baba Furaha.

Nilimuuliza kama haitakuwa vizuri zaidi kuwapigia karakana.

"Wao ndio waliofunga. Watasikia walichozoea kusikia."

Baba Furaha alikuwa ametoka kazini mchana huo, bado na sare ya hoteli. Mama Furaha alitukaribisha, akaleta chai, akakaa pembeni akitutazama. Dereva hakugusa chai.

"Baba Furaha, nimekuja kukuomba ulikague gari."

Akamtazama. "Mama, ile kazi ulipatia watu wa garantie."

"Ndiyo."

"Sasa unataka mimi nione nini?"

"Uone nilichoshindwa kuona."

Mama Furaha alisema kitu kwa Kibembe, lugha ya kwao, haraka, na sikukielewa, ila sauti yake haikuwa ya kumshauri akubali. Baba Furaha alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akarudi na tochi.

Alikaa chini ya gari lile muda wa kutosha kupika maharage. Dereva alisimama karibu na miguu yake iliyochomoza nje, mikono nyuma, kama askari wa zamu. Mwalimu alitutazama kutoka dirishani. Hatimaye Baba Furaha akatoka, akaomba chaki. Mwalimu ndiye aliyekuwa nayo, bluu, bila shaka. Akarudi chini, akatoka tena.

"Bolti ni sita," akasema. "Nne zinashika chesisi, sawasawa, kazi nzuri. Mbili zilikosa chuma. Zinashika mbao ya sakafu tu. Nimezizungushia chaki."

"Ingeanguka?"

"Leo hapana. Pengine mwaka huu hapana. Lakini mbao inakunywa maji, inachoka. Siku ile imechoka, voilà."

Dereva alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, Baba Furaha alikuwa ameshatoa spana mfukoni na anapiga goti.

"Usiguse," akasema Dereva.

Nilitamani ardhi inifiche. Baba Furaha aligeuza shingo, spana mkononi. "Hata sasa, Mama?"

"Hata sasa. Ni lazima wale wa karakana waione ilivyo."

Wakatazamana. Kisha Baba Furaha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kifua kizima, mpaka akakaa chini kwenye lami. Dirishani Mwalimu naye alicheka, upande mmoja wa uso. Dereva alisubiri wamalize. Siku hiyo Baba Furaha aliingia ndani, akala.

Nilikwenda na Dereva Inver Grove Heights kesho yake. Mkuu wa karakana aliingia chini na taa yake, akatoka uso umebadilika. Hakujitetea. Alisema mafundi wake watafunga upya mbele ya macho ya Dereva, ndani ya mstari wa njano. Kisha akauliza ni fundi gani aliyechora zile duara za chaki, maana angependa kumjua.

Dereva akajibu kwa Kiingereza chake cha basi, kifupi: "My brother."

Hakumwambia Baba Furaha kwamba alisema hivyo. Mimi ndiye niliyemwambia. Alinitaka nirudie, nikarudia, akatikisa kichwa, akaendelea kufunga taa aliyokuwa anaifunga.

Walikwenda kaskazini mwezi wa tisa, Dereva, Mwalimu na Baba Furaha aliyeomba ruhusa kazini. Mimi sikwenda, nilisimuliwa na Mwalimu, aliyesimulia kwa mpangilio wa somo. Lifti ilimshusha bila mlio. Baba Furaha alimsukuma mpaka pale maji yanapotoka ziwani, kwenye mawe, ambapo watoto wa Kizungu walikuwa wanavuka mto Mississippi huku suruali wamezikunja magotini. Baba Furaha alimvua kiatu cha mguu mzima, akamshikilia, akautumbukiza mguu majini.

"Nikasema, kumbe ni kadogo hivi," Mwalimu aliniambia. "Miaka kumi na minane niliwachorea watoto kitu kinene. Pale ningeuvuka nikiwa na madaftari mkononi."

Nikamuuliza Dereva alisemaje.

"Yeye hakuuona. Alibaki kwenye gari anazitazama bolti."

Walisafiri viangazi vitatu. Mwalimu alifariki majira ya baridi, hospitalini, bila vurugu, na Baba Furaha alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza. Baadaye familia ya Baba Furaha ilihamia Iowa, kwenye kazi ya kiwanda cha nyama, kama walivyofanya Wakongo wengi wa ushirika wetu. Mimi nilihama pia, nikaoa, nikapata zamu zangu. Tulionana na Dereva kwenye misiba na harusi.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 2010. Nilikwenda Brooklyn Center kununua unga wa ugali kwenye duka moja la Kiafrika, na gari-nyumba lile lilikuwa limeegeshwa nje, limechukua nafasi ya magari manne, turubai limekunjuliwa. Dereva alikuwa amekaa chini yake, akimenya chungwa. Alikuwa amepungua. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akanionyesha kiti.

Tuliongea habari za watu. Lifti ilikuwa bado ipo, imekunjwa mlangoni, na niliitazama zaidi ya nilivyokusudia. Nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nalo kwa miaka.

"Mama, ile ngazi ya basi la kanisa ilikuwa imara. Uliirukia mwenyewe. Kwa nini hukumpa Baba Furaha kazi?"

Alitenga kipande cha chungwa, akakitoa mbegu.

"Kazi yake ilikuwa nzuri kuliko yao. Nililijua hilo siku ileile."

"Na waranti?"

"Waranti ni maneno ya kuwaambia watu." Akala kile kipande. "Mwanangu, kitu chochote alichofunga binadamu kinaweza kuanguka. Kama kingemwangusha Mwalimu, ningehitaji mtu wa kumchukia. Wale wa karakana ningewachukia mpaka nife, na nisingepungukiwa kitu. Baba Furaha je? Ningebaki na nani?"

Gari moja lilipiga honi kwa sababu tumelizibia njia. Hakuligeukia.

"Umewahi kumwambia?"

"Nimwambie nini? Alishanisamehe kwa sababu aliyoidhania yeye. Nikimpa ya kwangu, itabidi aanze upya."

Aliinuka kwa shida, akaanza kulikunja turubai. Alisema anakwenda Iowa kwa kina Baba Furaha mchana huo, akae juma moja. Kisha akaniomba, kwa kuwa magoti yake siku hizo hayakupenda ngazi za duka, nimchukulie ndizi za kupika, kichana kizima, zile mbichi kabisa, kwa sababu Mama Furaha alimwambia kwamba kule anakokaa hazipatikani. Nilipotoka nazo alikuwa ameshawasha injini.